Idara Haimbakishi Mtu

Swali huja kwa sura nyingi, mwili wake mmoja. Mzazi wa Mofu, kule bondeni Kilombero, anapiga simu mpunga ukishaingia ghalani: "Shikamoo mwalimu. Kijana wetu kamaliza hesabu pale Mlimani, kaongoza darasa. Sasa mbona hawajambakisha?" Dada wa Ifakara mjini anaandika ujumbe kwamba mdogo wake ana GPA ya 4.5, idara itamwita lini? Mhitimu mwenyewe, akiwa na aibu kidogo, anauliza kwa mlango wa nyuma: "Samahani mwalimu, nani pale ndani anahusika na kubakisha watu?"

Hakuna anayehusika. Hakuna kubakisha.

Idara ya hisabati katika chuo kikuu cha umma nchini Tanzania haina mamlaka ya kumwajiri mtu, na mkuu wa idara hana fungu la mishahara mezani kwake. Anachoweza kufanya ni kuandika kwamba idara yake ina upungufu wa walimu, akaipitisha barua ngazi za juu, akasubiri. Wanaofundisha hesabu vyuoni wamelieleza jambo hili kwa upole, kwa ukali na kwa kunyamaza. Msimu wa mahafali ukifika, swali linarudi kama lilivyokuwa.

Imani hii ya kubakishwa ilikuwa na ukweli zamani, ndiyo maana inakufa kwa shida. Chuo cha Dar es Salaam, hicho kinachoitwa Mlimani, kilianza Oktoba 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea tarehe 1 Julai 1970. Miaka hiyo wengi wa waliofundisha walikuwa wageni wa mikataba, na serikali ilitaka Watanzania wazishike nafasi zile haraka. Mwanafunzi aliyeng'ara alishikwa mkono, akapewa ukufunzi msaidizi, akapelekwa nje kwa ufadhili, akarudi na uzamivu akakuta kiti kinamsubiri. Wazee waliosoma enzi hizo wanakumbuka vizuri, na wanachowasimulia wajukuu zao si uongo. Ni habari ya nusu karne iliyopita.

Imani ilipata pumzi ya pili mwaka 2007 kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Chuo kikubwa namna ile hakiwezi kuanza bila walimu, kwa hiyo vijana wengi wenye shahada ya kwanza waliingia kuwa wakufunzi wasaidizi, wale ambao kila mtu huwaita TA, kisha wakapelekwa masomoni. Kaka aliyeingia Dodoma mwaka 2008 ndiye anayemwambia mdogo wake leo, "Wewe kaza GPA tu, watakuchukua." Alichukuliwa kweli. Anachosahau ni kwamba chuo kizima kilikuwa kinaanza kwa mpigo mmoja.

Tupige hesabu, maana tunazungumza na watu wa hesabu. Chukua idara ya kubuni yenye walimu 28. Kila mmoja anaanza kazi akiwa na miaka 30 hivi na kufanya kazi miaka 35. Gawa 28 kwa 35: unapata 0.8. Idara hiyo, ikiwa haikui wala haisinyai, inaachwa na nafasi nne katika kila miaka mitano. Sasa weka upande wa pili. Idara inatoa wahitimu 60 kwa mwaka, na 10 kati yao wanavuka GPA ya 3.8, kiwango cha chini kinachotakiwa kwa mkufunzi msaidizi katika vyuo vya umma. Miaka mitano inaleta watu 50 kwa nafasi nne, bila kuwahesabu waliosubiri tangu miaka ya nyuma wala wanaotoka vyuo vingine.

Msomaji makini atanyanyua mkono hapo: aliyeongoza darasa ni mmoja kwa mwaka, watano kwa miaka mitano, na nafasi ni nne. Mbona hesabu inampendelea? Ingempendelea kama tangazo lingesema "aliyeongoza darasa". Halisemi hivyo. Linasema 3.8 na kuendelea, na mwenye 3.9 akifanya usaili vizuri anampita mwenye 4.7 aliyeduwaa mbele ya jopo. Halafu nafasi iliyoachwa na profesa aliyestaafu mara nyingi haitangazwi kwa mwenye shahada ya kwanza. Idara iliyopoteza mtu wa kusimamia wanafunzi wa uzamivu inaomba mhadhiri mwenye uzamivu. Kwa mhadhiri msaidizi kinachotazamwa ni shahada ya uzamili yenye GPA ya 4.0 juu ya ile 3.8 ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo katika zile nafasi nne, huenda moja au mbili tu zikamhusu huyo kijana wa Mofu, na huenda zisimhusu hata moja.

Tena nafasi kuachwa wazi si sawa na nafasi kufunguliwa. Pale katikati pana ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, bajeti ya mishahara, na kibali cha ajira kinachotoka Utumishi, yaani Ofisi ya Rais. Pasipo kibali, profesa anaweza kustaafu, kiti kikakaa vumbi miaka mitatu, vipindi vyake wakagawana waliobaki huku wakilalamika kwenye korido. Juni 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya na kupandisha vyeo nchi nzima ili kuwasaka watumishi hewa. Waliohitimu mwaka ule walihitimu mbele ya mlango uliofungwa, wawe wameongoza au wameburuza mkia. Hakuna GPA inayofungua kibali.

Kibali kikitoka, tangazo hutolewa hadharani, sana sana kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007, na tovuti yake ya maombi ambayo vijana wanaijua kwa jina la Ajira Portal. Mwombaji wa Mlimani anakaa foleni moja na wa Dodoma, wa Sokoine, wa Mzumbe na aliyerudi juzi kutoka ng'ambo. Kwa kawaida pana mchujo wa maandishi, kuna kufundisha mbele ya jopo, kuna mahojiano ya ana kwa ana. Mwalimu aliyemfundisha kijana miaka mitatu hana kura ya siri ya kumvusha.

Penye imani pana mganga, na mganga wa maradhi haya ni dalali wa nafasi.

Ana jina zuri, simu mbili, na shangazi asiyetajwa anayefanya kazi Dodoma. Anataka hela ya "kusukuma faili". Wazazi waliokwisha kuuza mpunga, samaki wa Kilombero au ng'ombe mmoja kwa ajili ya ada ya chuo wanaambiwa wamalizie safari kwa laki tano, na ahadi inayowalegeza ni hii: asipopata, fedha inarudi. Hapo ndipo mtu mwenye shahada ya hisabati alitakiwa acheke. Fikiri dalali amepokea laki tano kutoka kwa watu 20, wote wakiwa na sifa. Hamjui mtu yeyote Dodoma, wala hana haja ya kumjua. Anakaa kimya. Usaili unafanyika, watu wawili kati ya 20 wanapita kwa akili zao wenyewe. Dalali anawarudishia 18 fedha zao, wanamsifu kwa uaminifu. Wale wawili wanaapa kwamba ndiye aliyewaingiza, na wanamtangaza kijijini bila malipo. Mfukoni amebakiwa na shilingi milioni moja kwa kazi ya kutofanya chochote. Hapo ni dalali muungwana anayesemwa. Wa kawaida harudishi kitu, anabadili laini ya simu.

Somo la uwezekano hufundishwa kuanzia sekondari. Mtu aliyelifanyia mtihani chuo kikuu kisha akampa dalali fedha ana deni kwa walimu wake.

Kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Sekretarieti haitozi ada ya maombi wala ya usaili, na imelisema hilo hadharani mara nyingi. Wanaofikiri kwamba faili linaweza kupenyezwa tu na kukaa salama wakumbuke Aprili 2017, pale orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ilipokabidhiwa kwa Rais wa wakati ule mjini Dodoma. Tangu hapo uhakiki wa vyeti si wa kupuuzwa.

Swali la kumhangaisha mhitimu lilipaswa kuwa jingine kabisa: nani analipa? Mshahara wa mwalimu wa chuo cha umma unalipwa na serikali, na ndiyo hadithi ya ikama iliyokwisha kusemwa. Utafiti unalipwa na mwingine. Hapa inazuka dhana ndogo ya pili, kwamba hesabu haihitaji fedha, ni kalamu na karatasi, na kwa hiyo idara ya hesabu inayolia ukata inajidekeza. Mtu wa Kilombero ndiye wa mwisho mwenye haki ya kuiamini, kwa sababu baadhi ya hesabu ghali zilizofanywa Afrika Mashariki zimefanyika nyumbani kwake, na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya takwimu.

Mwaka 1949 mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara, na mwaka 1957 ikajengwa maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi. Mbegu hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, jina ililolichukua mwaka 2008. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wake walikesha Namawala, kijiji cha bonde hilohilo, wakikamata mbu, kuwahesabu na kuwapima. Ukizidisha idadi ya mbu wanaomuuma mtu kwa usiku mmoja na sehemu ya mbu wenye vimelea, kisha ukajumlisha kwa mwaka, Namawala mtu mmoja aliumwa zaidi ya mara 300 na mbu wenye vimelea. Tarakimu hiyo moja ilihitaji magari, mitego, darubini, mafundi wa maabara, na mtu wa takwimu aliyejua usiku ngapi za kukamata mbu zinatosha ili jibu liaminike. Kalamu ilikuwapo. Ilikuwa kitu rahisi kuliko vyote katika bajeti.

Mwaka 1996 ikaja sensa ya kudumu ya vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Kila miezi minne karani alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Wenyeji walimzoea hata wakamtania. Wakati huohuo mradi wa vyandarua vyenye dawa ulikuwa ukiuza chandarua chenye chapa ya Zuia Mbu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001: watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi kwa asilimia 27. Tarakimu hiyo ikaingia kwenye hoja za kutaka vyandarua visambazwe kwa wengi, na Tanzania ikaanza mpango wa Hati Punguzo mwaka 2004. Jaribu kuitoa hiyo 27 kwa kalamu na karatasi, bila karani, bila kompyuta, bila mtu anayelipwa kukaa miezi akitenganisha faida ya chandarua na faida ya kuwa na baba mwenye uwezo wa kukinunua. Kazi hiyo ya kutenganisha ni hisabati tupu, na ilikuwa na mstari wake katika bajeti ya mradi wa afya.

Ghali zaidi ikafuata. Kundi la Basel lilitengeneza modeli ya malaria iitwayo OpenMalaria, ambayo misingi yake ilichapishwa mwaka 2006, na takwimu za Namawala zilikuwa miongoni mwa zilizotumika kuipima. Modeli ilikuwa na njaa ya kompyuta iliyozidi uwezo wa taasisi yoyote iliyohusika. Dawa iliyopatikana ni malariacontrol.net: watu wa kawaida duniani, maelfu, waliziachia kompyuta zao za nyumbani zipige hesabu hiyo zikiwa hazina kazi. Mbu aliyemuuma mtu bondeni akafikia kukokotolewa sebuleni kwa mtu ambaye hajui Ifakara iko wapi.

Asiyeona hesabu yenyewe iko wapi katika haya, atazame mfano mmoja. Ronald Ross, aliyepata Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba malaria hupitia kwa mbu, alitumwa Mauritius akaandika ripoti mwaka 1908, na humo akaweka milinganyo ya kwanza ya ugonjwa huu. Alisema si lazima mbu waishe wote. Inatosha wapungue chini ya kiwango fulani. Miaka ya 1950 George Macdonald akaifikisha mbali hoja hiyo. Kimelea kinahitaji takriban siku kumi ndani ya mbu kabla hajawa wa hatari. Ikiwa katika mbu 100 mbu 90 wanaiona siku inayofuata, basi wanaofika siku ya kumi ni 0.9 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi: karibu 35 katika 100. Dawa kwenye chandarua au ukutani ikishusha 90 kuwa 80, wanaofika siku ya kumi ni kama 11. Umepunguza uhai wa siku moja kidogo tu, na mbu wa hatari wameanguka chini ya theluthi. Kuua mbu mzima kunalipa kuliko mtu anavyodhani kwa macho, na hilo halionekani mpaka mtu aandike kipeo cha kumi.

Hesabu za aina hiyo ndizo zinazoendelea kulipiwa Ifakara. Mwaka 2017 Mtanzania Samson Kiware na wenzake walichapisha modeli ya VCOM, inayopima ni mchanganyiko gani wa silaha unaomfikia mbu katika hatua zake zote, kwenye maji, ndani ya nyumba na nje. Mwaka huohuo utafiti mwingine uliofanyika bondeni ulionyesha kwamba Anopheles funestus peke yake anabeba zaidi ya nne kwa tano ya maambukizi. Kila jibu la namna hii linazaa swali jipya la hesabu, na swali la hesabu katika andiko la mradi lina jina: mtakwimu, mchambuzi wa takwimu, mtaalamu wa modeli. Hizo ni nafasi za kazi za hisabati. Mzazi wa Mofu amekuwa akiutazama mlango wa Mlimani, umbali wa siku nzima barabarani, huku mlango mwingine ukiwa Ifakara.

Mlango huo hauna pensheni ya uhakika. Ni mkataba wa mradi, miaka miwili au mitatu, na mfadhili akiondoka kiti kinaondoka naye. Mwaka 2025 uliwafundisha hilo hata waliokuwa hawataki kujifunza. Januari Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, tarehe 1 Mei taasisi zake za utafiti wa afya zikatangaza kusimamisha utaratibu wa kupitisha fedha kwa washirika wa nje chini ya ruzuku mama, na tarehe 1 Julai USAID ikafungwa. Uingereza nayo ilikwisha kutangaza Februari kwamba itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Wanaosema "utafiti una hela" waulize wanatakwimu waliosoma barua za kusitishwa mikataba mwaka ule.

Na hesabu isiyo na mbu? Nadharia ya namba, aljebra, topolojia, vitu ambavyo hakuna wizara itakayoviandikia hundi? Fedha yake ni ndogo na njia yake ni nyembamba, lakini ipo. Tangu 2002 Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, imewaunganisha wanahisabati wa Dar es Salaam, Makerere, Nairobi, Zambia na Rwanda katika mtandao wa EAUMP, ikiwasaidia kusomesha wanafunzi wa uzamili na uzamivu na kuendesha shule za muda mfupi ambazo mwanafunzi wa Nairobi na wa Dar hukalia dawati moja. Walimu kadhaa wanaofundisha leo katika idara hizo wamepita humo. Serikali kupitia COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, ila ushindani wake unapendelea miradi inayoweza kuonyesha mazao kwa macho, na nadharia ya makundi haina magunia ya kuonyesha. Mradi wa HEET wa Benki ya Dunia, wa dola milioni 425 ulioanza 2021, ni wa kujenga kampasi na kusomesha wahadhiri. Soma vizuri: wahadhiri, yaani waliokwisha kuajiriwa. Kijana asiye kazini asijazane kwenye mlango huo.

Basi, kwa mhitimu mwenye sifa, mwendo ni huu na aufuate wote kwa pamoja.

Afungue akaunti ya Ajira Portal leo, asisubiri tangazo, kwa sababu matangazo hudumu siku chache na mtandao wa kijijini una tabia zake. Vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na nakala zilizothibitishwa viwe tayari. Karatasi za matokeo zilizochapishwa kutoka mtandaoni hazipokelewi. Aliyesoma nje ya nchi apeleke shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itambuliwe kabla, si baada. Kikomo cha umri katika matangazo mengi ni miaka 45.

Apate uzamili, kwa sababu ukufunzi msaidizi ndio wenye msongamano mkubwa. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003 kwa juhudi za mwanafizikia Neil Turok, ina kituo Kigali na kwa muda mrefu imekuwa ikigharamia wanafunzi wake wa uzamili. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ina mafunzo ya hisabati tumizi. Kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kina stashahada ya mwaka mmoja ya hisabati kwa watu wa nchi zinazoendelea, nacho kinalipia. DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa kusoma ndani ya Afrika.

Anayetaka uzamivu ajue kwamba huko Uswidi, Norwei na Uholanzi nafasi ya uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mshahara na hutangazwa kama kazi, kwa hiyo kuuliza "skolashipu ipo?" ni kuuliza dirisha lisilo lake. Amwandikie msimamizi mmoja ambaye amesoma andiko lake, na barua itaje ukurasa, badala ya kumwaga barua moja kwa watu mia inayoanza na "Mheshimiwa Profesa" bila jina. Shule za muda mfupi za hisabati za CIMPA na ruzuku ndogo za Umoja wa Kimataifa wa Wanahisabati hulipia nauli. Huko ndiko anakoweza kukutana na huyo msimamizi uso kwa uso. Kwa Marekani, msimu wa maombi ya kazi za hisabati kwa waliokwisha kumaliza uzamivu huanza karibu Septemba na nyingi hufungwa Novemba na Desemba, kupitia MathJobs. Anayeamka Machi amechelewa mwaka.

Akitaka kuchapisha, jarida likimtumia barua pepe ya kumsifu na kumdai dola 150, aifute. Atafute jina la jarida katika zbMATH Open, orodha ya machapisho ya hisabati ambayo ni bure tangu 2021; lisipokuwemo, ahame. Andiko liwekwe arXiv, hazina ya maandiko mtandaoni, nako hakulipiwi.

Ajifunze R au Python mpaka aweze kusafisha faili la takwimu chafu bila kumwita mtu. Apite Ifakara ofisini kwenye taasisi akiulizia mafunzo kwa vitendo, akiwa na kazi moja aliyokwisha kuifanya, hata kama ni uchambuzi wa mvua na mafuriko ya Mofu kwa takwimu alizozipata mwenyewe. Nafasi za kufundisha sekondari asizidharau wakati anasubiri: kwa miaka mingi watahiniwa wanaofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa kama mmoja kati ya watano, na mwalimu wa hesabu anayeomba kazi chuoni baada ya miaka miwili darasani huonekana tofauti siku ya kufundisha mbele ya jopo. Vyuo binafsi hutangaza vyenyewe, magazetini na kwenye tovuti zao, na havingoji kibali cha Utumishi.

Akipigiwa simu na mwenye shangazi Dodoma, aombe namba ya tangazo la kazi. Tangazo la kweli lina tarehe ya mwisho na anwani ya Sekretarieti au ya chuo chenyewe, na linasomeka na kila mtu.